Kukubali Kifo na Kukata Tamaa: Juu ya Vipimo vya Fikra za Wabudha Wagonjwa

Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Zürich aliyekuwa akifanya kazi Chicago, alichapisha kitabu juu ya mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Humo alieleza hali tano alizoziona kwao: kukanusha, hasira, kutafuta mapatano, huzuni nzito, na mwisho kukubali. Kitabu hicho kilienea upesi katika nchi nyingi, na lile neno la mwisho, kukubali, likageuka kuwa jambo ambalo madaktari, wauguzi na wanasaikolojia walitaka si kulieleza tu, bali kulipima. Kübler-Ross mwenyewe hakuwa na mizani. Alikaa kando ya kitanda, akauliza na kusikiliza. Waliokuja baada yake walileta karatasi zenye sentensi na nambari.

Makala hii inahusu yale yanayotokea karatasi hizo zinapopelekwa kwa Wabudha wenye maradhi mazito, hasa kansa, katika nchi kama vile Thailand, Japani na Taiwan. Hilo ni suala la utabibu, lakini pia, na pengine kwanza, ni suala la lugha na tafsiri. Ndiyo maana linastahili kuzungumzwa katika kurasa hizi. Kipimo cha fikra hakina uzi wala jiwe la mizani. Kina maneno tu, na maneno yakikosea, nambari zote zitokanazo nayo hukosea pamoja nayo.

Wala kosa hilo halibaki katika vitabu vya wataalamu. Mgonjwa ambaye nambari zake zinaonyesha kwamba amekikubali kifo anaweza kuachwa bila kuulizwa tena juu ya maumivu yake au huzuni yake, kwa kuwa anadhaniwa ametulia. Yule ambaye nambari zake zinaonyesha hofu anaweza kudhaniwa kuwa imani yake ni haba. Kwa Mbudha kuna uzito mwingine tena. Wabudha wengi huamini kwamba hali ya nafsi katika saa ya mwisho ina athari juu ya kuzaliwa upya kutakakofuata. Kwa sababu hiyo wako wanaoomba wapunguziwe mofini ili akili yao isififie, na wako wanaoficha hofu yao mbele ya watoto wao ili wasiwatie wasiwasi juu ya hatima ya mzazi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa na mgeni mwenye kalamu kama anaogopa kufa, swali limemfikia likiwa zito kuliko alivyolikusudia muulizaji.

Ni vema kwanza kuvitazama vipimo vyenyewe. Kimojawapo cha vile vya awali vilivyoenea sana ni cha Donald Templer, kilichotolewa mwaka 1970. Kina sentensi 15, na mhojiwa hujibu kwa kila moja kwamba ni kweli au si kweli. Kipimo hicho kiliuliza juu ya hofu peke yake. Aliyekitumia alielekea kudhani kwamba asiye na hofu amekubali, kana kwamba hofu na kukubali ni pande mbili za ubao mmoja unaopanda huku na kushuka kule. Udhaifu huo ndio ambao Paul Wong, Gary Reker na Gina Gesser walijaribu kuuondoa nchini Kanada. Hojaji yao, katika sura iliyotengenezwa upya mwaka 1994, ina sentensi 32, na kila sentensi ina ngazi 7, kuanzia kupinga kabisa mpaka kuafiki kabisa. Sentensi 7 zinahusu hofu, na 5 zinahusu tabia ya kuepa kukifikiri kifo. Zilizobaki zinakigawa kile kilichokuwa kimoja, kukubali, katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, lenye sentensi 5, linaweza kuitwa kukubali bila kuegemea: kifo ni sehemu ya maisha, hakiogopwi wala hakitamaniwi. La pili, lenye sentensi 10, ni kukubali kwa kutazamia: kifo ni mlango wa kuingilia maisha mema zaidi. La tatu, lenye sentensi 5, ni kukubali kwa kukimbilia: kifo ni njia ya kutoka katika dunia ya mateso.

Mgawanyo huo una manufaa makubwa, na haifai kuudharau. Lakini ulibuniwa mahali ambapo mtu anayetazamia jambo baada ya kifo hutazamia mbingu na kuungana na Mungu, na sentensi za fungu la pili zinasema hivyo waziwazi. Mbudha naye ana mbingu. Kwa kweli anazo nyingi, moja juu ya nyingine. Tofauti ni kwamba mbingu zake hazidumu. Aliyezaliwa humo kwa sababu ya matendo yake mema hukaa muda mrefu mno, kisha hufa humo pia na kuzaliwa mahali pengine. Basi mkulima wa Thailand aliyetoa sadaka hekaluni maisha yake yote kwa tumaini la kuzaliwa pema ataziafiki baadhi ya sentensi hizo. Mtawa aliyefundishwa kwamba hata mbingu ni tanzi jingine atazipinga. Kwa hesabu ya hojaji, mtawa atakuwa amekikubali kifo kidogo kuliko mkulima. Tena kuna Wabudha wa Japani na Taiwan wafuatao njia ya Ardhi Safi, ambao huliita jina la Budha Amitabha wakitazamia kuzaliwa katika pepo yake iliyoko magharibi. Hao sentensi hizo zinawafaa karibu kama zinavyomfaa Mkristo. Mtafiti anayeandika neno «Wabudha» juu ya safu moja ya nambari amewachanganya watu hao watatu katika kapu moja.

Fungu la tatu lina tatizo kubwa zaidi. Katika mafundisho yanayohesabiwa kuwa ni mahubiri ya kwanza ya Budha, yaliyotolewa karibu na Varanasi, mzizi wa mateso unaitwa kwa neno la Kipali «tanha», yaani kiu, na kiu hiyo ni ya namna tatu: kiu ya anasa, kiu ya kuendelea kuwako, na kiu ya kutokuwako. Hiyo ya tatu ndiyo inayohusika hapa. Mgonjwa anayesema kwamba ni afadhali afe ili apumzike na mateso haya huhesabiwa katika hojaji kuwa miongoni mwa waliokubali, ingawa katika fungu la pekee. Katika mafundisho ya Budha mtu huyo hajakubali lolote. Kiu yake imegeuka upande tu. Jana alitaka sana kuishi, leo anataka sana kutoishi, na kutaka ni kule kule. Inafaa kuangaliwa kwamba daktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu zake zisizohusiana na dini yoyote, angefikia shauri lilo hilo. Maneno kama hayo humfanya aulize kama maumivu yametulizwa vya kutosha, na kama mgonjwa hana huzuni nzito inayoweza kutibiwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutoa mwanga wake. Mfasiri akitafuta neno la Kiswahili la kusimama mahali pa «tanha», neno la kwanza linalomjia ni tamaa. Ni neno jema. Lina maana ya hamu kubwa, lina harufu ya uchoyo, na wahubiri wa dini zote huwaonya watu juu yake. Basi shabaha ya Mbudha ingekuwa kukata tamaa. Lakini msemaji wa Kiswahili, awe wa Lubumbashi au wa Zanzibar, akiambiwa kwamba mgonjwa fulani amekata tamaa, haelewi kamwe kwamba mgonjwa huyo amefikia utulivu. Anaelewa kwamba ameshindwa, hataki chakula, amegeukia ukutani. Katika neno moja lugha imeyaweka pamoja matumaini na uroho, na kisu kinachokata kimoja hukata na kingine. Hii si kasoro ya Kiswahili. Ni ushahidi kwamba mpaka uliopo kati ya kuachilia na kuvunjika moyo ni mwembamba, na kwamba kwa mtazamaji wa nje hali hizo mbili zinafanana: mgonjwa aliyelala kimya, asiyedai kitu.

Wajapani wana jambo linalokaribiana na hilo. Neno lao «akirame» humaanisha kukata tamaa, kukubali kushindwa. Lakini herufi ya Kichina ambayo kwayo neno hilo huandikwa ndiyo inayotumika katika jina la zile Kweli Nne za Budha, na wataalamu hulihusisha kitenzi chake na maana ya kale ya kuliweka jambo wazi, kulipambanua. Kwa hiyo Mbudha wa Japani aweza kueleza kwamba «akirame» ya kweli ni kuona wazi. Jirani yake kwa neno lile lile ataelewa kujitupa. Kitabu cha Kübler-Ross kilipofasiriwa huko, jambo la kukubali kifo lilipewa neno jingine kabisa, «juyo», neno la kitaalamu lisilo na historia ya hekaluni wala ya jikoni. Wathailandi kwa upande wao husema «tham jai», maneno ambayo yakifasiriwa moja moja ni kufanya moyo, na maana yake ni kuupatanisha moyo na jambo lisiloweza kubadilishwa. Kiswahili kina «kujipa moyo» na «kupiga moyo konde», ambayo kwa umbo yanakaribia, lakini yote mawili ni maneno ya ushujaa: mtu hujikaza apambane. Mthailandi hajikazi, hulegeza.

Hata kitenzi chetu cha kawaida, kukubali, kina mashaka yake. Mtu hukubali kosa, maana yake anakiri kwamba ni kweli. Hukubali ombi, maana yake anatoa ruhusa. Hukubali hali yake, maana yake ameridhika nayo. Sentensi «Nimekubali kifo changu» inaweza basi kusomeka kwa njia tatu: ninajua kwamba nitakufa, niko radhi nife, nimetulia. Wahojiwa watatu wanaweza kuichagua ngazi ya 7 kwa sababu tatu zisizohusiana, na hesabu itawaweka mahali pamoja. Hilo si tatizo la tafsiri peke yake, kwa kuwa utafiti wenyewe umeonyesha kwamba maana hizo huachana katika maisha ya wagonjwa.

Mwaka 2008 Jennifer Mack na wenzake nchini Marekani walitangaza hojaji fupi iliyotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa kansa iliyokwisha kuenea mwilini. Ina maswali 12 tu, jambo ambalo si dogo kwa mtu asiye na nguvu ya kushika kalamu. Maswali 5 yanahusu kukubali kwa utulivu, na 7 yanahusu kupambana na maradhi, yaani hasira, aibu, wasiwasi na kuona kwamba ugonjwa umeonea. Walioijibu walikuwa wagonjwa 160. Wagonjwa waliotambua kwamba maradhi yao hayaponi walionekana kupambana zaidi moyoni kuliko wale wasiotambua. Waliotegemea dini yao katika ugonjwa walionyesha utulivu zaidi. Kujua na kutulia, kwa hiyo, si jambo moja, na la kwanza haliji na la pili mkononi. Wajapani wamelizingatia hilo kwa namna yao. Hojaji yao juu ya kifo chema, iliyochapishwa pia mwaka 2008 na kundi la Mitsunori Miyashita, inayojibiwa na jamaa wa marehemu, ina sehemu 18, na mojawapo ni kufa bila kutambua kwamba mtu anakufa. Kwa baadhi ya watu huko kutojua ni sehemu ya wema wa kifo. Sehemu hiyo isingepata nafasi katika mafundisho ya Budha, ambamo kukumbuka kifo ni zoezi la kila siku. Lakini wagonjwa Wajapani ni Wajapani kabla ya kuwa kurasa za maandiko.

Tofauti kati ya kujua na kutulia ilijitokeza kwa namna ya kushtusha zaidi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Shaun Nichols, Nina Strohminger, Arun Rai na Jay Garfield. Wahojiwa wao hawakuwa wagonjwa. Waliwauliza watawa wa Kitibeti wanaoishi India, na kuwalinganisha na Wahindu na Wamarekani, juu ya nafsi na juu ya kifo. Kama ilivyotazamiwa, watawa walikana kwa nguvu kwamba kuna nafsi moja inayodumu ndani ya mtu, na walisema kwamba fundisho hilo huwasaidia kukikabili kifo. Lakini walipoulizwa juu ya hofu ya kutoweka kwao, walionyesha hofu kubwa kuliko makundi mengine yote. Walipowekewa mfano wa dawa inayoweza kumwongezea mtu siku chache yeye mwenyewe au kumwongezea mtu mwingine siku nyingi zaidi, walikuwa wazito kuliko wengine kuiacha.

Wako waliofurahia matokeo hayo kana kwamba dini imeumbuliwa. Furaha hiyo ni ya haraka mno. Watawa waliohojiwa walikuwa wanafunzi na wasomi wa mafundisho, si watu waliotumia miaka mingi katika kutafakari upwekeni, na watafiti wenyewe walilitaja jambo hilo. Tena maandiko ya Wabudha hayakuahidi kamwe kwamba kusikia fundisho kunatosha. Yanatofautisha maarifa ya aina tatu: yale yatokanayo na kusikia, yale yatokanayo na kufikiri, na yale yatokanayo na kulizoeza fundisho mpaka liingie mwilini. Aidha, hofu kwao si dalili ya kukataa. Mshtuko wa mtu anapotambua kwa mara ya kwanza kwamba atazeeka na kufa una jina lake la heshima katika Kipali, «samvega», na ndio uliomtoa Budha mwenyewe katika jumba la baba yake. Mtu anayekaa kila asubuhi akikifikiri kifo, tena akiamini kwamba baada ya kifo yawezekana akazaliwa pabaya, ana sababu nyingi za kuogopa kuliko yule asiyekifikiri kabisa. Kipimo cha hofu humwona wa kwanza kuwa nyuma ya wa pili.

Hata hivyo matokeo yale yanabaki na funzo kwa mtunga hojaji. Sentensi zinazofanana na mafundisho zitajibiwa kwa mafundisho. Kila Mbudha aliyesoma anajua lile zoezi la kujikumbusha mambo matano: kwamba atazeeka, atapatwa na maradhi, atakufa, atatengana na awapendao, na kwamba matendo yake ndiyo urithi wake. Ukimwuliza kama kifo ni sehemu ya kawaida ya maisha, atakubali mara moja, kama vile Mkristo anavyoijibu katekisimu. Fungu la kukubali bila kuegemea, ambalo kwa maana ndilo lililo karibu zaidi na Ubudha, ndilo pia lililo rahisi zaidi kujibiwa kwa kukariri.

Ajabu ni kwamba maandiko ya kale ya Kipali yana hojaji yake, na wachache katika wanaopima wameitaja. Inasimuliwa kwamba Mahanama, wa ukoo wa Sakya, alimwendea Budha huko Kapilavatthu akamwuliza jinsi mfuasi mmoja mwenye busara apaswavyo kumshauri mwenzake aliye mgonjwa mahututi. Jibu ni mfululizo wa maswali. Kwanza mgonjwa atulizwe kwa kukumbushwa imani yake na mwenendo wake mwema. Kisha aulizwe: je, una wasiwasi juu ya mama yako na baba yako? Akisema anao, aambiwe kwa upole kwamba atakufa akiwa na wasiwasi huo au asipokuwa nao, basi heri auweke chini. Akisema ameuweka, aulizwe juu ya mke na watoto. Halafu juu ya anasa za wanadamu. Halafu swali linapanda kwenye mbingu ya chini, na ya juu yake, na ya juu yake tena, mpaka ulimwengu wa Brahma. Na katika kila daraja mgonjwa anaelekezwa aachilie ile aliyoishika na kuielekea iliyo juu. Mwisho anaambiwa kwamba hata ulimwengu wa Brahma haudumu, na kwamba auelekeze moyo wake kwenye kukoma kwa kushikilia.

Hojaji hiyo ina mambo matatu ambayo zile za kisasa hazina. Maswali yake yana utaratibu, na swali la pili halifiki mpaka la kwanza limejibiwa kwa ukweli. Haifai kumwuliza mtu juu ya mbingu wakati angali anafikiri nani atamlisha mama yake. Pili, mbingu imewekwa katikati ya ngazi, si kileleni, kwa hiyo kutazamia mema baada ya kifo hakulaumiwi wala hakuhesabiwi kuwa mwisho. Tatu, anayeuliza hatoki na karatasi yake. Anauliza ili mzigo upungue, na ni mwenzake mgonjwa, wa imani moja naye. Mtafiti atasema kwamba jambo hilo la tatu ndilo linaloharibu kipimo, kwa kuwa muulizaji anakibadilisha anachokipima. Ni kweli. Lakini yule anayedhani kwamba kumwuliza mtu anayekufa sentensi 32 juu ya kifo hakumbadilishi, naye hajakaa sana wodini.

Maandiko hayo hayo yanatoa mfano wa mzee aliyejulikana kama Nakulapita, aliyeugua sana. Mkewe hakumhubiria juu ya kutodumu kwa mambo. Alimhakikishia kwamba anajua kusokota na kufuma na ataweza kuwalea watoto, kwamba hataolewa na mwingine, kwamba hataiacha njia ya dini. Alimwondolea wasiwasi mmoja baada ya mwingine mpaka sita. Kadiri ya simulizi mzee akapona. Anayetafuta namna ya kupima kukubali kifo kwa Wabudha angeweza kuanzia hapo: badala ya kuuliza mgonjwa anafikiri nini juu ya kifo, aulize ni wasiwasi gani uliobaki, na umeanza kupungua au la. Swali kama hilo linajibika katika lugha yoyote, na halimlazimishi mfasiri kutafuta neno moja la kubeba utulivu, ruhusa na kukiri kwa pamoja.

Jambo jingine ni wakati. Mwaka 1999 Harvey Chochinov na wenzake wa Winnipeg, Kanada, walitangaza walichokiona kwa wagonjwa 168 wa kansa waliolazwa ili kutulizwa maumivu. Waliwauliza mara mbili kwa siku juu ya hamu yao ya kuishi. Hamu hiyo ilipanda na kushuka sana hata katika saa 12 tu, na yaliyoisukuma yalikuwa huzuni, wasiwasi, shida ya kupumua na hali ya jumla ya mwili, kila moja kwa zamu yake. Ikiwa ndivyo, hojaji iliyojazwa Jumanne asubuhi inasema juu ya Jumanne asubuhi. Mbudha hatashangaa hata kidogo kusikia hivyo.

Tena ni nani ashuhudie? Katika wodi ya kutuliza maumivu ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, Taipei, ambako watawa Wabudha, wengi wao wanawake, wamefunzwa kuhudumia wagonjwa pamoja na madaktari, wametumia kipimo kisichojazwa na mgonjwa. Baada ya kifo jopo la wahudumu huketi na kutoa alama 0 hadi 3 kwa kila moja ya mambo matano: kama alitambua kwamba anakufa, kama alikubali kwa utulivu, kama mambo yake yalipangwa kwa jinsi alivyotaka, kama wakati wa kifo ulifaa, na kama mwili ulikuwa na raha katika siku za mwisho. Jumla ni alama 15. Kipimo hicho kinamwondolea mgonjwa taabu ya kujieleza, nacho kimetenga kujua na kukubali, jambo jema. Lakini kinapima wanachokiona wahudumu, na mgonjwa mpole asiyewasumbua ndiye anayeonekana ametulia. Yule aliyekata tamaa, kwa maana ya Kiswahili, hasumbui pia.

Kwamba kukubali si mali ya mgonjwa peke yake kulionekana Thailand mwaka 1993. Mtawa Buddhadasa, mwanzilishi wa makao ya Suan Mokkh huko Chaiya na mmoja wa walimu wakubwa wa Ubudha katika karne ya 20, alikuwa amefundisha kwa miaka mingi juu ya kufa kabla ya kufa, yaani kuiachia nafsi wakati mtu angali hai. Alikuwa pia amewaeleza wanafunzi wake kwamba angependa kufa kwa kawaida, bila kuvutwa na mashine. Mwishoni mwa Mei mwaka huo alipatwa na kiharusi. Wanafunzi wake waligawanyika, akapelekwa katika hospitali ya Siriraj, Bangkok, na mabishano juu ya matibabu yake yakajaa magazetini kwa wiki kadhaa. Tarehe 8 Julai alirudishwa Suan Mokkh, na huko akafa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mzee mwenyewe alikuwa amekikubali kifo. Waliohitaji kupimwa walikuwa waliokizunguka kitanda chake, na hojaji zote zilizotajwa hapa hazina swali hata moja kwa ajili yao wakati mgonjwa angali hai.

Mwaka 2007 Thailand ilipitisha sheria ya afya ya taifa ambayo kifungu chake cha 12 kinampa kila mtu haki ya kuandika mapema kwamba hataki matibabu yanayorefusha tu mwisho wa maisha yake. Taiwan ilikuwa na sheria yake ya namna hiyo tangu 2000. Katika karatasi hizo mtu huandika afanyiwe nini na asifanyiwe nini. Haulizwi kama anaogopa.